Siku Mbili za Kulia

Jumatatu, 7 Aprili 1986

Nimenunua daftari hili leo jioni ili hasira zangu zipate pa kukaa. Nikizipeleka nyumbani Ganda, mama atazila pamoja na sima, na kifua chake hakiziwezi. Nikizitoa hotelini nitafukuzwa. Basi zikae humu.

Tuliitwa sote ukumbini, wapishi, wahudumu, watunza bustani na sisi wa udobi. Bwana Thuku, afisa wa wafanyakazi, akatusomea kanuni mpya. Nyingi ni za upuuzi. Moja yasema mwanamke asifunike kichwa akiwa kazini isipokuwa awe Muislamu, eti wageni hawataki kuona watu waliovaa kama wanatoka kulima. Nikakishika kitambaa changu kichwani. Mimi natoka kulima, kila alfajiri, kabla sijapanda baiskeli kuja kuwafulia hao wageni.

Lakini iliyonichoma ni ya mwisho. Mwenye kufiwa atapewa siku mbili. Akizidisha, kazi amejiachisha mwenyewe.

"Sheria ni moja kwa wote," akasema Thuku. "Haiulizi dini wala kabila. Huo ndio usawa."

Sisi Wagiriama tukatazamana. Kwetu mtu hazikwi na kusahauliwa. Ukoo hukusanyika, watu hulala matangani, au hanga kama tunavyoliita, na mtoto wa marehemu hatoki hapo mpaka hanga livunjwe na yeye anyolewe nywele. Hizo haziwi siku mbili hata ukizikunja kama shuka.

Nikanyoosha mkono. Kabla sijasema neno, Bi Tumu akanitangulia. Huyu ndiye msimamizi wetu wa udobi, mwenye funguo za stoo ya mashuka, mzaliwa wa Mambrui aliyeolewa hapa mjini, mtaa wa Shela. "Siku mbili zatosha, alhamdulillahi," akasema. "Sisi hatulazi maiti, twazika siku ile ile. Wenzetu ndio, msiba kwao ni ngoma na tembo la mnazi, na kazi zao twabaki kuzifanya sisi."

Ukumbi mzima ukacheka. Saad, mkuu wa wahudumu, mtu wa mji, yeye akacheka kwa adabu, kiganja mdomoni. Mimi nikaushusha mkono wangu.

Jumanne, 8 Aprili

Sikumwamkia Bi Tumu. Hajanyimwa shikamoo na mtu tangu aje mjini, nadhani. Aliniangalia tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Mashuka hayakauki. Tumeyatundika hadi kwenye ujia wa ghorofa ya pili, kwa kuwa vyumba ni vitupu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Mama amepanda mahindi peke yake akakohoa usiku kucha. Nikimwambia apumzike, huniuliza kama mahindi nayo yatapumzika.

Alhamisi, 24 Aprili

Mume wa Bi Tumu amefariki. Alikuwa fundi seremala, mzee mpole, kila Ijumaa alikuwa akimngoja mkewe getini wakaenda pamoja. Alianguka asubuhi karakanani, na alasiri wakamzika. Siku ile ile, kama alivyotuambia.

Nimefurahi? Sikufurahi. Lakini sitaandika uongo katika daftari langu mwenyewe: nilipoambiwa, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba sasa tutaona kama siku mbili zatosha.

Jumatatu, 28 Aprili

Bi Tumu hakuja.

Jumanne, 29 Aprili

Bi Tumu hakuja, na leo nimeelewa kwa nini, na nimekaa juu ya kapu la taulo nikacheka kama mwehu. Yuko eda! Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Wote wanajua hilo. Tumu anajua, Saad anajua, hata mimi ninajua, niliyezaliwa Ganda. Na bado siku ile ukumbini hakuna aliyelikumbuka. Waliposikia "msiba" walifikiria kaburi tu, wakahesabu wao ni wepesi wa kuchimba. Mjane aliyebaki ndani wakamsahau, na mjane mwenyewe ndiye aliyesema.

Thuku alinipa funguo za stoo. "Shika kwa muda," akasema. "Yule mama akiondolewa, zitakuwa zako." Na mshahara wa msimamizi juu yake.

Nimezifunga kiunoni. Zinalia nikitembea.

Jumapili, 11 Mei

Ramadhani imeandama. Udobini wenzangu wamefunga, joto la pasi linawamaliza. Niliwaambia wapige pasi asubuhi tu, mchana wakunje. Bi Tumu ndivyo alivyokuwa akifanya, na sina la kubuni hapo.

Jumatano, 14 Mei

Baba yake Menza amekufa. Menza ndiye anayetunza bustani ya mbele, ile wageni wanayoipiga picha. Ni mtoto wa kwanza wa kiume.

"Utarudi lini?" nikamuuliza.

"Nitarudi baba akishazikwa, watu wakishatawanyika. Wanitaka nimuache baba yangu na wageni, nije kumwagilia maua na mvua yanyesha?"

Ijumaa, 23 Mei

Menza amerudi akiwa amenyolewa upara. Jefwa, askari wa getini, aliamriwa asimruhusu kuingia. Jefwa ni mtu wa kwao Menza, wamekua pamoja. Alisimama mbele ya lango analia, na bado akalifunga, kwa kuwa ana watoto sita. Menza hakupiga kelele. Aliomba apewe panga lake tu, lilikuwa lake mwenyewe, si la hoteli.

Thuku akasema, "Mbona Waislamu wamezika na kurudi? Wao wameweza vipi?"

Nikamwambia, "Na Bi Tumu amerudi?"

"Naye ataondoka. Unaona sasa? Sheria haibagui."

Nimepanda baiskeli hadi Ganda mvuani sikuhisi mvua. Ati haibagui! Nguo ya kipimo kimoja umvishe mtoto na mtu mzima, mmoja azame ndani yake na mwingine ipasuke, kisha useme umewatendea sawa kwa kuwa kitambaa ni kimoja. Huo si usawa, huo ni uvivu wa kupima.

Jumatatu, 26 Mei

Ajabu. Wenye hoteli, walioko kwao Ulaya, wametaka kujua kama kanuni mpya zinawaumiza watu wa aina fulani kuliko wengine. Imeundwa kamati: Thuku mwenyekiti, Saad, na mimi. Tupite kila kitengo tuulize. Neno lolote kuhusu Bi Tumu na Menza lisubiri mpaka kamati imalize.

Mama aliposikia alisema nivae gauni la kanisani.

Jumatano, 4 Juni

Tumeanza na jikoni. Thuku huuliza hivi: "Una tatizo lolote na sheria za hoteli?" Nani atamjibu afisa kwamba ana tatizo? Wote hawana. Saad anatikisa kichwa kukubali. Mwisho nikasema niachiwe niulize mimi, na nikauliza hivi: "Ukifiwa na mamako kesho, utafanya nini?"

Mpishi mmoja aliweka kisu chini. Akasema kwao ni Taita, na kabla hajafika nyumbani siku ya kwanza imeisha. Msichana wa mapokezi akasema yeye ni mke wa pili, na mama mkwe hahesabiwi na hoteli kuwa jamaa, ila asipoonekana kwenye msiba wake ndoa imekwisha. Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Thuku akasaga meno na kutazama saa.

Jumatatu, 9 Juni

Idd. Wenzangu wote wako kwao. Nimefua peke yangu. Mvua.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda Shela kumuuliza Bi Tumu, kwa niaba ya kamati. Niseme kweli, nilikwenda nikiwa nimemwandalia maneno. Njia nzima niliyanoa.

Nikapiga hodi, binti mdogo akanifungulia. Chumba cha ndani, dirisha limeshushwa pazia. Bi Tumu ameketi mkekani, kanga kuukuu, hana pete, hana wanja, hana hata harufu ya marashi. Mwanamke yule aliyekuwa akipita tu karibu na pipa la sabuni, udobi ukanukia asumini. Maneno yangu yote yakanipotea. Nikajikuta nasema, "Shikamoo, Bi Tumu."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka."

Akaniletesha chai na visheti vya Idd. Nikala kisheti kimoja. Kisha nikamuuliza lile swali la kamati, kwamba kanuni ile imemwathiri vipi, nikajiona mpumbavu kwa kulitamka.

Akajibu, "Nilisema zatosha, kwani sikusema? Nalikuwa nikihesabu za kuzika. Za kulia sikuzihesabu." Akakunja pindo la kanga, akalikunjua. "Siku tatu za kwanza nyumba ilijaa. Baada ya kisomo cha hitima kila mtu akarejea kwake. Sasa niko mimi na ukuta huu. Nimekuwa nikiwafikiri nyinyi. Mwenzenu akifiwa mwalala naye uwanjani usiku mzima, msimwache. Mimi nikaita ngoma na tembo."

Hapo ningepaswa kumsamehe. Sikumsamehe. Nilimwambia, "Ulitucheka mbele ya watu wote, Bi Tumu. Menza amefukuzwa kwa kicheko kile." Hakujitetea. Alisema, "Naam." Nikamaliza chai yangu nikiwa bado nimekasirika, nikaondoka, na barabarani nikagundua nimesahau kumwonyesha funguo zake nilizokuja nazo ili zimuume.

Jumanne, 17 Juni

Mashuka hayakauki. Mama hakuenda shambani. Amesema ni uvivu. Mama yangu hajui uvivu unafananaje.

Ijumaa, 27 Juni

Hii ya leo nitaiandika yote.

Saad alinisubiri nyuma ya jiko, amevaa koti lake jeupe la kazi, sauti ya asali. "Bi Mbeyu, nimezungumza na Bwana Thuku. Tumefika mahali pazuri. Wajane wa Kiislamu watapewa ruhusa ya eda, bila mshahara, na kazi zao zitawangoja. Bi Tumu atarudi. Kilichobaki ni sisi watatu kukubaliana kwamba mengine yote ni sawa."

"Mengine yapi?"

"Hizo siku mbili. Na hayo mambo madogo madogo."

"Na Menza?"

Akashusha sauti. "Dada yangu, tusitake yote kwa mara moja tukakosa yote. Eda ni amri ya dini. Imo katika Kitabu, hata meneja Mzungu ameweza kuielewa. Haya matanga yenu ni mila tu. Nitamwelezaje Mzungu?"

Ni mila tu! Baba yake Menza kalala ardhini kwa mila tu. Nikamuuliza, "Na huyo mpishi wa Taita? Na yule msichana? Uliwasikia kwa masikio yako, Saad." Akasema, "Niliwasikia. Lakini wao si wangu kuwatetea. Wewe watetee wako."

Ndipo nilipoona mtego ulivyo. Thuku hakuhitaji kutunyima. Alihitaji tu kuupa upande mmoja kidogo, kisha atuache tugombane sisi kwa sisi. Nikikubali, Bi Tumu anabaki na kazi yake na watu wangu wanabaki na siku mbili, safari hii kwa kauli yangu. Nikikataa, nitakuwa nimemtosa mjane, na mji mzima utasema Mgiriama alifanya hivyo ili abaki na funguo.

Tukaingia ofisini. Thuku akauliza kama tumekubaliana. Saad akasema ndiyo.

Nikafungua funguo kiunoni, nikaziweka mezani. "Hizi ni za Bi Tumu. Eda yake ni haki yake, sina neno nayo, na mimi sizitaki tena. Lakini sitasema kwamba mengine ni sawa, kwa sababu si sawa."

Thuku akanitazama kama mtu aliyechoka. "Mama, wawili kati ya watatu wanatosha."

Basi. Wawili wanatosha. Kwa hiyo Bi Tumu atarudi, Menza hatarudi, siku zinabaki mbili, na mimi nina mkono safi usiofaa kitu. Nimelia njia nzima, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Jumanne, 1 Julai

Menza nimemwona sokoni anauza miche ya mipera. Kanipa mmoja bure. Nilitamani anitukane.

Jumatatu, 14 Julai

Mama yake Thuku amefariki, huko bara, na Thuku amekwenda. Mungu amlaze pema, mama wa mtu ni mama wa mtu.

Jumatatu, 28 Julai

Thuku amerudi leo. Leo! Wiki mbili! Nilipouliza ofisini kama kanuni imebadilika, karani akanicheka. "Ofisi haipigi kadi," akasema. Kumbe ile saa ya jikoni tunayopigia kadi tukiingia na tukitoka ni ya sisi wa chini tu. Sheria moja kwa wote, isipokuwa walioitunga.

Nikakutana naye ujiani nikampa pole, kwa kuwa nimefunzwa na mama yangu. Amekonda. Akasema, "Asante, mama. Hata mimi sikuweza kuondoka mapema. Ndugu zangu hawangeelewa."

Nikamtazama usoni nione kama ameyasikia maneno yake mwenyewe. Hakuyasikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Wageni wamejaa. Hakuna pa kuweka guu. Mashuka yanakauka kwa nusu saa na mikono yetu imebabuka.

Ijumaa, 22 Agosti

Mahindi yamevunwa. Mama aliyahesabu kwa kuyagusa, akiwa amelala.

Jumatatu, 1 Septemba

Bi Tumu ametoka eda. Amekuja leo kazini na harufu yake ya asumini, amekonda, kakaa kitini kwake. Thuku akamkabidhi funguo. Akazipima mkononi, akaniambia mbele ya wote, "Nimeambiwa uliziacha mezani."

"Hazikuwa zangu."

"Nimeambiwa na yale mengine uliyosema." Hakuongeza. Akawageukia wenzetu akauliza kwa nini mito ya vyumba vya chini inanuka ukungu.

Jumatano, 3 Septemba

Mama.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerudi kutoka kazini sasa hivi. Niandike kabla sijatulia, maana nikitulia nitaandika uongo wa upole.

Tumemzika mama Ganda, chini ya ardhi aliyoilima. Ndugu zangu walikuja kutoka Kilifi na Mombasa, wanawake wakalala nami uwanjani, na usiku wa pili nilijua hotelini siku zangu zinakwisha. Nilikuwa kama mtu anayetazama maji yanayomwagika akakataa kuinuka. Sikuinuka. Jana hanga limevunjwa. Tumenyolewa, mimi na ndugu zangu.

Leo nilikwenda kurudisha sare. Niliikunja vizuri, kwa kuwa hilo ndilo ninalolijua. Jefwa alikuwa getini. Nikamwambia sihitaji kuingia, ampe tu Bi Tumu. Akalifungua lango lote, lile kubwa la magari, akaangalia pembeni. "Ingia ukapige kadi," akasema. "Umechelewa kidogo leo tu."

Sikumwelewa mpaka nilipofika kwenye saa. Kadi yangu iko mahali pake. Imepigwa. Kila siku niliyokuwa uwanjani nikilia, asubuhi na jioni, imepigwa. Nilisimama nikaitazama, kisha nikaenda udobini.

Bi Tumu alikuwa akikunja taulo. Mwanamke yule asiyekubali hata sabuni ipungue bila kusemwa. Hakuinua macho. "Pole, mwanangu. Mungu amrehemu. Mashuka ya ghorofa ya pili yakungoja."

"Bi Tumu, wakijua..."

"Wakijua watajua. Mimi nalipewa miezi minne nikae na msiba wangu, nawe nani kakupa?" Ndipo akanitazama, akaona kichwa. Akaacha taulo. "Loo! Hiki hakitaficha kitu."

Kwa kweli kichwa changu kiling'aa kama kibuyu. Kadi inasema nilikuwa kazini, na kichwa kinasema nilikuwa hangani. Mtu yeyote aliyemwona Menza siku ile angejua. Bi Tumu akavua kanga yake ya mabegani, akanifunga kichwani kwa mikono yake, akabana vizuri nyuma ya masikio kama anavyomfunga mtoto wake. Ikanukia asumini. Hapo ndipo nilipolia.

Hatukupata nafasi ya kumaliza. Thuku akaingia kutafuta taulo za wageni wa bwawani. Akasimama. Akanitazama kichwani.

"Mbeyu. Tangu lini wewe ni Muislamu?"

Mimi sikuwa na jibu. Bi Tumu akasogea akasimama kando yangu, bega kwa bega, yeye ambaye kichwa chake kina ruhusa.

"Bwana Thuku," akasema, taratibu, kwa ile sauti ya mjini inayomfanya mtu ajione hakufunzwa adabu, "ukitaka kumvua mwanamke kanga kichwani, mvue kwa mkono wako mwenyewe. Hapa, mbele yetu. Sisi tutatazama."

Wanawake wote wakaweka pasi chini. Wa mji na wa mashamba.

Thuku aliitazama kanga ile kwa muda mrefu. Alielewa, nina hakika alielewa, hakuwa mjinga kamwe. Pale usoni mwake nilimwona yule aliyerudi kutoka kumzika mamake, dakika moja tu. Kisha akachukua taulo zake akatoka.

Wenzangu wakapiga vigelegele vya chini chini. Mimi sikupiga. Usiku huu nimekaa na kitanda cha mama kitupu mbele yangu, na nimeshukuru, wallahi nimeshukuru, sitaisahau kanga ile mpaka nami nizikwe. Lakini hasira haijaondoka. Menza bado anauza miche. Mpishi wa Taita bado ana mama mzee. Na mimi nimemlilia mama yangu kwa siku za wizi, alizoniibia mjane, nikazificha chini ya nguo ya kuazima. Kesho naamkia kazini na kichwa changu kimefungwa, na nikiulizwa tena mimi ni nani, sitanyamaza.